BYD Atto 3 au Hyundai Kona ya umeme: mwongozo kamili wa kuchagua ukiwa Nairobi

Krosova hizi mbili ni wapinzani halisi. Zote zina mota ya kilowati 150, yaani nguvu farasi 204. Zote huvuta kwa magurudumu ya mbele, na betri zao zinakaribiana kwa ukubwa: yuniti (kWh) 60.48 kwa Atto 3 na 64 kwa Kona ya kizazi cha kwanza yenye betri kubwa. Ukisoma karatasi peke yake utashindwa kuamua. Tofauti kubwa ni kwamba Atto 3 unaweza kuinunua ikiwa mpya hapa jijini, ilhali Kona nyingi utakazotajiwa na mawakala zimeshatembea Uingereza kwanza. Basi unalinganisha pia njia mbili za kununua gari, na kila njia ina hatari zake.

Ushauri wangu ni kwamba mpangilio wa maswali ndio unaoamua kama utafurahia gari au utalijutia. Watu huanza na rangi na skrini, wakamalizia na mahali pa kuchaji. Anza kinyume.

Hatua ya kwanza: gari litalala wapi?

Kabla ya kwenda yadi yoyote ya Ngong Road, simama pale unapoegesha gari usiku na utafute soketi. Ikiwa unaishi kwenye nyumba yako Syokimau au Ruiru, kazi ni ndogo. Ikiwa umepanga ghorofa Kileleshwa au South B, zungumza kwanza na mwenye nyumba na kamati ya wapangaji, kisha upate ruhusa kwa maandishi. Ruhusa ya mdomo huisha siku msimamizi anapobadilishwa.

Kuna njia mbili za kuchaji nyumbani. Ya kwanza ni kebo ya kawaida kwenye soketi ya ukutani, inayotoa takriban kilowati 2.3. Ukichaji kwa muda wa saa nane kila usiku unapata umeme wa kwenda kama kilomita 100. Anayekwenda Westlands kutoka Kitengela na kurudi anatosheka kabisa na njia hiyo, ingawa betri tupu itataka zaidi ya siku nzima kujaa. Ya pili ni chaja ya ukutani ya kilowati 7, inayojaza betri zote mbili kwa saa tisa au kumi.

Usichukulie soketi ya kawaida kwa wepesi. Soketi ya pasi haikuundwa kubeba mzigo mzito mfululizo usiku kucha, na nyaya zilizolegea nyuma yake hupata joto hadi plastiki ikayeyuka. Mwite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, avute waya wake maalumu kutoka kwenye sanduku la fyuzi, aweke swichi ya kukata umeme unapovuja, na apime waya wa ardhini (earth). Mwambie pia kama nyumba ina shawa ya umeme. Shawa na chaja ya kilowati 7 vikiwaka pamoja alfajiri, swichi kuu inaweza kujikata, kwa hiyo chaja nzuri ni ile inayokuruhusu kupunguza mkondo au kupanga saa za kuchaji.

Ukikosa kabisa mahali pa kuchaji nyumbani au kazini, ningekushauri usinunue lolote kati ya haya mawili kwa sasa. Kutegemea vituo vya umma peke yake kutakumalizia jioni zako.

Hatua ya pili: hakikisha unalinganisha magari sahihi

Jina moja hubeba magari tofauti. Kona ya umeme ya kizazi cha kwanza ilitoka 2018 ikiwa na betri za aina mbili: yuniti 39 na yuniti 64. Ile ndogo ina mota ya kilowati 100 tu. Ukiona Kona ya bei ya kushangaza, uliza betri kabla ya kitu kingine chochote. Mwishoni mwa 2020 ikabadilishwa sura, na 2023 kikaja kizazi cha pili chenye urefu wa milimita 4,355, gari kubwa zaidi na tofauti kabisa. Ninapotaja Kona hapa nina maana ya kizazi cha kwanza chenye betri ya 64. Atto 3 nayo ina betri ndogo ya yuniti 49.92 katika baadhi ya masoko.

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililotumika ambalo limepita miaka minane, wala gari la usukani wa kushoto kwa matumizi ya kawaida. Kwa hiyo 2026 Kona ya 2018 haipiti bandarini. Na ukionyeshwa picha ya Yuan Plus, ambalo ndilo jina la Atto 3 nchini China, tazama usukani uko upande gani hata kama bei imekuvutia.

Kisha tazama tundu la chaji. Gari la Uingereza lina CCS2, tundu la chaji ya kasi la Ulaya, na ukiwa na kebo ya Type 2, ile ya chaji ya kawaida, utachaji polepole pia. Atto 3 iliyouzwa Japani ina tundu la CHAdeMO, kama Nissan Leaf, na iliyotengenezewa soko la China ina GB/T. Adapta zipo lakini ni ghali, na adapta mbovu ya chaji ya kasi inaweza kuharibu gari. Dai picha ya tundu lenyewe, kifuniko kikiwa wazi, kabla hujatuma hata shilingi moja.

Hatua ya tatu: betri, hapa usikimbie

Betri ndiyo sehemu ghali kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo tofauti ya kweli kati ya magari haya.

Atto 3 inatumia betri ya lithiamu na fosfati ya chuma, ile BYD iliyoizindua 2020 kwa jina la Blade. Haina kobalti wala nikeli. Huvumilia kujazwa mara nyingi, na inapoumia ni vigumu zaidi kushika moto. Udhaifu wake ni uzito kwa kila yuniti. Pia kompyuta hupata shida kukadiria chaji iliyobaki, kwa sababu volti hubadilika kidogo sana kutoka nusu hadi karibu kujaa. Ndiyo maana inashauriwa ujaze hadi asilimia 100 mara kwa mara ili hesabu ijirekebishe. Kwa mtu anayechaji kila usiku bila kutaka kufikiria asilimia, betri ya aina hii inampa raha.

Kona inatumia nikeli, manganizi na kobalti. Ni betri inayobeba umeme mwingi katika uzito mdogo, na ndiyo sababu Kona huenda mbali zaidi kwa chaji moja. Lakini inapenda kukaa kati ya asilimia 20 na 80 siku za kawaida, na ijazwe kabisa pale tu unaposafiri.

Sasa jambo ambalo mnunuzi wa Kona hana ruhusa ya kulipuuza. Baada ya visa vya moto, hasa Korea Kusini, Hyundai iliita tena mapema 2021 takriban Kona 76,000 za umeme duniani zilizoundwa kati ya 2018 na 2020, ili zibadilishwe betri. Gari lililobadilishwa betri ni habari njema kwako, maana betri yake ni changa kuliko bodi. Ambalo halikurudishwa ni hatari iliyoegeshwa chini ya chumba unacholala. Mwombe muuzaji nambari ya chasisi na nambari ya usajili wa Uingereza. Serikali ya Uingereza ina ukurasa wa bure wa kutazama kama gari lina mwito wa kurudishwa (recall) ambao haujatekelezwa, na mwingine wa historia ya MOT, ukaguzi wa magari wa huko. Huo wa pili unaonyesha maili zilizosomwa kila lilipokaguliwa, kwa hiyo anayerudisha maili nyuma anaonekana papo hapo. Muuzaji anayekataa kutoa nambari ya usajili ameshakujibu.

Kuna kifaa kidogo cha OBD kinachochomekwa chini ya usukani na kusoma afya ya betri kwa simu. Kitumie, ila kwa Kona usitegemee namba hiyo peke yake, kwa sababu inaweza kuendelea kusoma 100 hata baada ya miaka kadhaa. Kipimo bora ni cha barabarani: anza na betri iliyojaa, endesha hadi asilimia 40 au 30, kisha soma skrini ina yuniti ngapi kwa kilomita 100 na umekwenda kilomita ngapi. Kama ilitumia yuniti 15 kwa kila kilomita 100 na ukaenda kilomita 240, umetumia yuniti 36. Ikiwa zimeondoa asilimia 60, basi betri nzima ina yuniti 60 hivi. Hesabu hiyo haihitaji fundi.

Hatua ya nne: njia zako, si njia za Ulaya

Kwa WLTP, kipimo cha maabara kinachotumika Ulaya, Atto 3 huenda kilomita 420, na Kona 449 kabla ya mabadiliko ya sura au 484 baada yake. Punguza moja ya tano kwa barabara kuu, kisha panga safari. Utabaki na takriban 335 kwa Atto 3 na 385 kwa Kona iliyobadilishwa sura. Kwenda Naivasha na kurudi, kama kilomita 180, ni rahisi kwa yote mawili. Kwenda Nakuru na kurudi kunawezekana, ingawa Atto 3 itakufanya utazame asilimia ukifika nyumbani. Mombasa ni karibu kilomita 480, kwa hiyo utasimama kuchaji njiani kwa vyovyote.

Milima ina hesabu yake. Gari la aina hii likiwa na abiria hukaribia tani mbili, na kila mita 100 za kupanda hula zaidi kidogo ya nusu yuniti juu ya matumizi ya kawaida. Kutoka Mai Mahiu hadi juu ya bonde, ambako unapanda kama mita 600, ondoa zaidi ya yuniti tatu. Unaposhuka unarudishiwa sehemu yake, na hapa Kona inanipendeza sana: ina vishikio nyuma ya usukani vya kuongeza au kupunguza breki ya mota kwa ngazi kadhaa, na ukishikilia cha kushoto gari hupunguza mwendo hadi likasimama. Nyuma ya lori kwenye mteremko wa Mai Mahiu, hicho ni kitu cha thamani. Atto 3 ina viwango viwili tu, na hata kile cha juu ni cha upole.

Mwinuko wa jiji hauyasumbui magari haya. Injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza sehemu ya nguvu zake Nairobi kwa sababu hewa ni nyembamba, lakini mota ya umeme haipumui. Ndiyo maana magari haya huonekana mepesi zaidi hapa kuliko krosova za petroli zenye nguvu sawa.

Chini ya gari ndiko kwenye wasiwasi. Atto 3 ina kimo cha takriban milimita 175 kutoka ardhini na Kona 158, na kwa zote mbili kilicho karibu na ardhi ni sanduku la betri. Yapitie matuta ya mtaani kwako mwenyewe, ukiwa na watu wanne ndani. Kwenye barabara za vumbi za Kamulu au Kiserian tofauti ya milimita 17 si ndogo. Mafuriko nayo yapo: betri imezibwa isiingize maji, lakini hilo si kibali cha kuogelea barabarani. Maji yakipita nusu ya gurudumu, geuza.

Hatua ya tano: sura na mambo ya ndani

Sura ni jambo la moyo. Tazama gari mchana, nje, si chini ya taa za duka.

Atto 3 ilichorwa chini ya uongozi wa Wolfgang Egger, aliyewahi kuongoza ubunifu Alfa Romeo na Audi. Kwa nje ni gari tulivu: mistari laini, kifua cha mviringo, taa za nyuma zilizounganishwa kutoka upande hadi upande. Linaonekana la bei kubwa kuliko lilivyo. Utulivu huo unaishia mlangoni. Ndani wabunifu walichukua mawazo kutoka ukumbi wa mazoezi na muziki, matundu ya hewa yakawa kama vyuma vya kunyanyua, na mifuko ya milango imefungwa nyuzi tatu ambazo ukizigusa hulia kama gitaa. Watoto wanazipenda kupita kiasi. Mimi naona ndani mna ujasiri na furaha, lakini mtu wa mambo ya kiofisi anaweza kuchoka baada ya mwaka. Kaa humo nusu saa nzima kabla ya kuamua.

Kona ya kwanza ina taa nyembamba juu na taa kubwa chini pembeni. Ile ya baada ya 2020 uso wake ni laini, nami naiona nzuri zaidi. Ndani ni ya kawaida: plastiki ngumu nyingi, ila vitufe halisi vya kiyoyozi na vya gia unavipata bila kuondoa macho barabarani. Katika foleni ya Mombasa Road, bodaboda wakipita kushoto na kulia, napendelea kitufe ninachokipapasa kuliko menyu ya kwenye skrini. Atto 3 huweka mambo mengi kwenye skrini yake kubwa inayozunguka wima au mlalo. Mzunguko huo unavutia siku za mwanzo, na ramani ikisimama wima kwa kweli inasomeka vizuri zaidi.

Nafasi haina ubishi. Atto 3 ina urefu wa milimita 4,455 na umbali wa 2,720 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kona ni 4,180 hivi na 2,600. Buti la Atto 3 ni lita 440, la Kona 332. Watu wazima watatu nyuma ya Kona hadi Nyeri watafika na magoti yanayouma. Kwa upande mwingine, Kona inaingia kwenye maegesho ya katikati ya mji ambako Atto 3 itakutoa jasho.

Kitu kimoja cha Atto 3 kinastahili kutajwa peke yake: inaweza kutoa umeme. Ukiwa na adapta yake, stima ikipotea mtaani unaunganisha friji, taa na kisambaza intaneti, na betri inahimili usiku mzima bila kuhisi. Kona ya kizazi cha kwanza haina uwezo huo. Kwa anayefanyia kazi nyumbani hii pekee inaweza kuamua.

Kwa Kona ya Uingereza, jua mapema kwamba mwendo umeandikwa kwa maili hadi ubadilishe kwenye mipangilio, ramani ni za huko, na huduma za kuunganisha gari na simu huenda zisifanye kazi hapa. Magari yote mawili kwa kawaida huja na dawa ya kuziba tairi mahali pa spea. Ukisafiri mashambani, tafuta spea nyembamba na jeki.

Hatua ya sita: hesabu ya fedha

Kwa gari la dukani, bei uliyopewa ijumuishe kodi, usajili na chaja. Kama haijumuishi, waandike upya. Kwa gari la kuagiza, bei ya mnada si bei. KRA hukadiria thamani kwa orodha yake ya bei za magari yakiwa mapya, kisha hupunguza kulingana na umri, halafu ndipo huja ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 16 na tozo nyingine. Ushuru wa bidhaa kwa gari la umeme kamili ulishushwa kutoka asilimia 20 hadi 10 mwaka 2019, na hiyo ni nafuu kubwa ukilinganisha na petroli. Mwambie wakala akupe mchanganuo wa kila mstari.

Matumizi sasa. Tuseme unaendesha kilomita 1,000 kwa mwezi. Gari lolote kati ya haya litakula kama yuniti 160, na ukiongeza upotevu wa kuchaji ni 176. Tuseme tokeni inakupa yuniti kwa shilingi 30, hiyo ni shilingi 5,280. Krosova ya petroli inayotumia lita 9 kwa kilomita 100, lita ikiwa shilingi 180, itakula 16,200. Weka bei zako mwenyewe za mwezi huu, mwenendo hautageuka. EPRA iliweka 2023 bei maalumu ya kuchaji magari, shilingi 16 kwa yuniti na 8 usiku kabla ya tozo, lakini imelenga anayetumia kuanzia yuniti 200 kwa mwezi kwenye mita yake. Familia moja haifiki hapo kwa urahisi. Ghorofa lenye magari matatu ya umeme linafika, na hilo ni jambo la kupeleka kwenye kamati.

Kati ya Atto 3 na Kona zenyewe, umeme hauleti tofauti ya maana. Tofauti iko kwenye dhamana. Atto 3 mpya ya dukani ina dhamana ya betri unayoweza kuidai hapa Nairobi. Isome, uone imeandikwa miaka mingapi, kilomita ngapi, na kiwango gani cha kushuka kinachokubalika kuwa ubovu. Kona ya kuagiza, hata kama Uingereza ilikuwa na dhamana, ihesabu kuwa haina. Tenga fedha za tahadhari, na kabla ya kuagiza tafuta gereji yenye fundi aliyefunzwa kufanya kazi na volti kubwa. Fundi hodari wa Kirinyaga Road anaweza kukutengenezea shoki na breki vizuri sana, lakini nyaya za rangi ya machungwa asiziguse kama hana mafunzo.

Piga simu kwa kampuni za bima pia. Uliza kwa maandishi: je, betri ikipigwa na jiwe kutoka chini, bima kamili inalipa?

Hatua ya saba: endesha yote mawili siku moja

Chagua njia yenye kila kitu: Expressway au Thika Road kwa mwendo, Waiyaki Way kupanda kuelekea Kikuyu, halafu mtaa wenye matuta. Andika asilimia za betri mwanzo na mwisho. Sikiliza magurudumu kwenye lami mbovu. Jaribu kuegesha kwa kamera. Zima kifaa cha kushikilia mstari wa barabara kisha ukiwashe, maana mahali ambapo rangi ya barabara imefutika hukosea, na uone ni gari gani linakukubalia kukizima kwa urahisi. Mwishowe simamisha gari penye kituo cha chaji ya kasi, kama kile cha Kenya Power pale Stima Plaza, na uone kwa macho yako kwamba tundu na plagi vinaelewana na umeme unapita.

Ningechagua lipi?

Kwa familia yenye watoto, maegesho yake yenyewe na mkopo wa benki, ningechukua Atto 3 bila kusita. Betri yake inasamehe, nafasi ipo, kimo ni bora, na kuna mlango wa kubisha ukipata tatizo. Kona ningempa mtu mmoja au wawili wanaosafiri mbali mara kwa mara, wanaopenda gari jepesi mkononi na wako tayari kufuatilia karatasi za betri mstari kwa mstari. Kona isiyo na karatasi za mwito wa betri singeichukua hata kwa nusu ya bei.

Siku ya kulipa, lipa kwa benki na si taslimu. Hakikisha nambari ya chasisi kwenye gari, kwenye hati za forodha na kwenye mfumo wa NTSA ni ile ile, na anza kuhamisha umiliki mkiwa bado mmeketi pamoja. Kisha fungua buti na uhesabu: kebo ya soketi, kebo ya Type 2, adapta ya kutoa umeme kama ni Atto 3, na funguo mbili. Kimoja kikikosekana, bei yake ipunguzwe hapo hapo kabla hujatia sahihi.